Pua, Hewa na Maji: Pale Tabianchi Ilipochonga Uso wa Binadamu, na Pale Isipohusika

Weka kioo kidogo chini ya pua yako, kisha toa pumzi taratibu. Yatatokea madoa mawili ya ukungu, moja kwa kila mwanzi wa pua, na mara nyingi doa moja litakuwa kubwa kuliko lingine. Hilo la ukubwa lisikutie wasiwasi: mianzi ya pua hupokezana zamu, mmoja ukivimba kidogo kwa ndani na kupumzika huku mwingine ukibeba mzigo, na baada ya saa chache hubadilishana. Tuutazame ukungu wenyewe. Ule ni maji yaliyotoka mwilini mwako. Unayapoteza kwa kupumua tu, usiku na mchana, na ndiyo yanayotupa jibu la swali ambalo watu wengi hulijibu kwa haraka mno: kwa nini pua za wanadamu zimetofautiana hivi, nyingine pana na fupi, nyingine nyembamba na ndefu kama ile tunayoiita pua ya upanga?

Ukiuliza mtaani utaambiwa ni hali ya hewa. Jibu hilo lina ukweli, ila ukweli wake ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Katika uso mzima wa binadamu, mahali ambapo ushahidi wa tabianchi umesimama imara ni pua, na hata kwenye pua si kila kipimo. Tukija kwenye macho, mashavu, midomo na kidevu, maelezo ni mengi na ushahidi ni haba. Nadhani inafaa tujue mpaka uko wapi, kwa sababu watu wamewahi kupangwa madaraja, na hata kuuawa, kwa maelezo mabovu kuhusu pua.

Kazi inayofanyika ndani ya sentimita kumi

Vifuko vya hewa vilivyo ndani kabisa ya mapafu vinataka hewa yenye joto la nyuzi 37 hivi, iliyoshiba unyevu. Hewa kavu hukausha ute unaofunika njia ya hewa. Ute ukikauka, vijinywele vidogo vinavyousukuma kuelekea kooni vinashindwa kazi, na vumbi, bakteria na virusi vinapata upenyo. Kwa hiyo hewa ikishaingia, pua ina nafasi ya sentimita kumi hivi na muda usiofika sekunde moja kuipasha moto, kuilowesha na kuichuja.

Inawezaje? Ndani ya pua, kwenye kuta za pembeni, kuna vibao vya mfupa vilivyojikunja, kwa kawaida vitatu kila upande, vilivyovikwa ngozi laini yenye mishipa mingi ya damu. Hewa haipiti katikati ya uwazi mkubwa. Inalazimika kujipenyeza kwenye vichochoro kati ya vibao hivyo, ikigusana na ngozi yenye joto na maji. Kadiri hewa inavyogusa ukuta zaidi, ndivyo inavyobadilika haraka.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu mzima aliyetulia huvuta lita zipatazo 10,000 za hewa kwa siku, yaani mita za ujazo 10. Hewa iliyoshiba unyevu katika nyuzi 37 hubeba gramu 44 za maji kwa kila mita ya ujazo. Siku ya nyuzi 30 Dar es Salaam, unyevu ukiwa asilimia 75, hewa ya nje tayari ina gramu 23 hivi, na mwili unaongeza 21 zilizosalia. Nenda Siberia wakati wa baridi, nyuzi 20 chini ya sifuri. Kule hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu moja hivi hata ikishiba kabisa, kwa hiyo mwili unatakiwa kuongeza gramu 43. Kwa siku nzima hiyo ni gramu 210 za maji pwani kwetu na 430 Siberia, na bado mtu hajanyanyua hata shoka.

Sehemu ya maji hayo huokolewa. Hewa inapoingia ikiwa baridi huipoza ngozi ya pua. Pumzi ya joto inapotoka hukutana na ngozi hiyo iliyopoa, na unyevu wake hugeuka matone ambayo hubaki ndani. Ndugu zetu walioko Minnesota au Sweden wanalijua jambo hili bila kufundishwa: ukitembea nje mwezi wa Januari, kamasi jepesi kama maji hukutiririka ingawa huumwi mafua. Sehemu ya kamasi hilo ni maji ya pumzi yako mwenyewe yaliyorudishwa.

Sasa ongeza mfano wa tatu. Turkana, mchana wa nyuzi 35, unyevu asilimia 25: hewa ina gramu 10 tu za maji. Ni joto kuliko Dar es Salaam, na bado ni kavu zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana wanaosema kwamba pua pana ni ya joto na pua nyembamba ni ya baridi hawajafika kwenye kiini. Kinachoitesa pua hasa ni uhaba wa maji hewani, na uhaba huo unapatikana kwenye barafu na kwenye jangwa pia.

Mianzi ikiwa myembamba na pango la pua likiwa refu na la juu, sehemu kubwa ya hewa inakuwa karibu na ukuta. Hilo ni faida panapokosekana unyevu. Lakini lina gharama yake: njia nyembamba huipinga hewa, na mtu anayekimbia au kulima kwa nguvu hulazimika kufungua mdomo mapema. Kwenye hewa ya pwani au ya msitu wa Kongo, ambako kazi ya kulowesha ni ndogo, hakuna sababu ya kuilipa gharama hiyo, na mianzi mipana hupitisha hewa kwa urahisi.

Kufanana kwa ukoo si kufanana kwa hali ya hewa

Mwaka 1923, Arthur Thomson na Dudley Buxton wa Oxford walichapisha utafiti uliolinganisha vipimo vya pua kutoka pembe nyingi za dunia na joto na unyevu wa kila mahali. Kipimo chao kilikuwa rahisi: upana wa pua ugawanywe kwa urefu wake, kisha uzidishwe kwa 100. Pua iliyo chini ya 70 ilihesabiwa nyembamba, iliyozidi 85 ilihesabiwa pana. Walikuta kwamba kipimo hicho hupanda kadiri mahali panavyozidi kuwa na joto na unyevu. Uhusiano huo umerudiwa kuangaliwa tena na tena kwa miaka mia moja, na bado upo.

Hata hivyo, mwenye kufikiri atauliza: je, watu wa mahali pamoja hufanana pua kwa sababu ya hewa, au kwa sababu ni ndugu? Watu wa kaskazini mwa Ulaya wanaishi kwenye baridi, ni kweli, lakini pia wametokana na mababu walewale. Na ukoo una bahati nasibu yake. Mkulima akiwa na gunia la maharage mchanganyiko, akachota konzi moja kwenda kupanda shamba jipya, konzi ile inaweza kuwa na mekundu mengi kuliko gunia. Miaka ikipita shamba lote litakuwa jekundu, na hakuna jua wala mvua iliyochagua wekundu. Wanadamu walipotoka Afrika na kusambaa duniani walikwenda kwa vikundi vidogo, konzi baada ya konzi. Tofauti nyingi za nyuso zetu huenda hazina sababu nyingine zaidi ya hiyo.

Utafiti uliojaribu kulitenganisha jambo hili kwa uangalifu ulitoka mwaka 2017, ukiongozwa na Arslan Zaidi na Mark Shriver wa Chuo Kikuu cha Penn State huko Marekani. Walipiga picha za pande tatu za nyuso za watu wenye asili ya Afrika Magharibi, Asia Mashariki, Asia Kusini na kaskazini mwa Ulaya, wakapima pua kwa namna kadhaa: urefu, jinsi inavyochomoza, urefu wa mgongo wake, upana wa kitako chake, upana wa mianzi. Kisha wakalinganisha tofauti hizo na tofauti za jumla za vinasaba kati ya makundi hayo. Wazo lao ni hili: kama kipimo fulani kinatofautiana kati ya makundi kwa kiasi kilekile ambacho vinasaba vya kawaida vinatofautiana, basi bahati nasibu inatosha kukieleza. Kikizidi hapo, kuna kitu kimekisukuma.

Vipimo vingi havikuzidi. Urefu wa pua, kuchomoza kwake, urefu wa mgongo, vyote vingeweza kuwa matokeo ya bahati. Viwili ndivyo vilivyovuka: upana wa mianzi na upana wa kitako cha pua. Na upana wa mianzi ndio uliokwenda sambamba na joto na kiasi cha maji yaliyo hewani katika nchi za asili za wahusika.

Matokeo hayo yanatuondolea maelezo mengi ya kijiweni. Ule mgongo ulionyooka wa pua ya upanga, ambao watu huusifia kuliko kitu kingine, hauna ushahidi wa kuwa umechongwa na hali ya hewa. Kinachohusika ni matundu, mlango ambao hewa hupitia. Watafiti wenyewe walikiri kwamba hata hapo tabianchi haiko peke yake: wanaume na wanawake hutofautiana pua, na huenda kuchaguana wachumba kumechangia, jambo ambalo Charles Darwin alilitilia mkazo tangu 1871 alipoandika kuhusu tofauti za sura za wanadamu.

Ninachosikitikia katika utafiti huo ni Afrika Mashariki kutokuwemo. Hapa ndipo mtu angeweza kulipima swali vizuri kuliko karibu mahali popote, kwa sababu kati ya hewa nzito ya Mombasa, ukavu wa Turkana, ubaridi wa nyanda za juu za Ethiopia na msitu wa Ituri hakuna umbali mkubwa. Jean Hiernaux, mwanaanthropolojia Mbelgiji aliyewapima watu wa Rwanda na Burundi miaka ya 1950, aliliona hilo. Mwaka 1976, yeye na Alain Froment walilinganisha vipimo vya miili ya watu wa kusini mwa Sahara na tabianchi za maeneo yao, na pua ilikuwa miongoni mwa viungo vilivyokwenda na hali ya hewa. Nitarudi kwa Hiernaux, kwa sababu hoja yake ilikuwa na uzito mkubwa kuliko inavyoonekana.

Mafuvu yanasema nini

Pua ya nje ni gegedu na ngozi, nayo huoza. Anayetaka kuzungumzia maelfu ya miaka analazimika kwenda kwenye mifupa. Mmarekani William Howells alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupima zaidi ya mafuvu 2,500 katika makumbusho mbalimbali, na vipimo vyake vinatumika hadi leo. Kati ya makundi ya Afrika aliyoyapima wamo Wataita wa Kenya, kwa mafuvu yaliyohifadhiwa Cambridge, Uingereza. Mtu wa pwani anayejua desturi ya Wataita atalitafakari hilo. Kwao fuvu la mzee lilifukuliwa baada ya muda na kuwekwa kwa heshima kwenye pango la ukoo pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Ilikuwa namna ya kukaa na mababu. Kila mara takwimu zinapotaja kundi hilo kwenye jedwali, wanaotajwa ni wazee wa watu.

Mwaka 2004, Charles Roseman alichukua vipimo vya Howells, akavilinganisha na vinasaba kwa mantiki ileile ya kutenganisha bahati na msukumo. Alikuta kwamba sehemu kubwa ya tofauti za mafuvu duniani hufuata ukoo, na dalili za tabianchi zilitoka hasa kwa watu wa baridi kali, mfano wake ukiwa Waburyati wa Siberia. Mwaka 2006 Katerina Harvati na Timothy Weaver waliongeza jambo muhimu: sehemu za fuvu hazisemi habari moja. Mfupa wa upande wa sikio hufuata historia ya ukoo; umbo la uso ndilo lenye alama ya hali ya hewa. Kisha mwaka 2011 Marlijn Noback, akiwa na Harvati na Fred Spoor, aliingia ndani ya pango la pua lenyewe na kukuta kwamba watu wa maeneo ya baridi na ukavu wana pango lililo refu na la juu zaidi, na lililobana sehemu ya juu, hasa pale ambapo hewa inatakiwa kugusana na ukuta.

Hapo ndipo Wainuiti wa kaskazini kabisa wanapotufundisha kutoamini macho. Ukimtazama Muinuiti usoni, pua yake haichomozi sana, na anayetumia macho peke yake angesema haifanani na ya Mnorwei. Lakini tundu la pua kwenye fuvu lake ni miongoni mwa yaliyo membamba kuliko yote duniani. Baridi ilidai ubano wa ndani, na ubano huo ukapatikana ndani ya nyuso zenye sura mbili tofauti.

Pua ilianzia wapi

Kabla ya kuuliza kwa nini pua zinatofautiana, kuna swali la awali: kwa nini tuna pua inayochomoza kabisa? Sokwe hana. Fuvu la jamaa wa kale wa binadamu ambalo Mary Leakey alilikuta Olduvai mwaka 1959, maarufu kwa jina la Zinj, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi, lina uso mpana uliobonyea katikati, na tundu la pua likiwa sawa na uso. Sasa liweke karibu na fuvu la Homo erectus, binadamu wa kale aliyekaribiana nasi zaidi, lililopatikana Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, mwaka 1975, au mifupa ya yule kijana wa Nariokotome aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Mifupa ya pua imeinuka, kingo za tundu zimegeukia nje. Hapo palisimama pua kama yetu.

Robert Franciscus na Erik Trinkaus walieleza mwaka 1988 kwamba pua hiyo ilizaliwa kwenye joto kavu la Afrika. Kiumbe aliyeanza kutembea mbali mchana kweupe alipoteza maji mengi kwa pumzi, na pua inayochomoza, ikiwa baridi kuliko mwili, ilimsaidia kuyaokoa wakati wa kutoa pumzi. Ni hoja nzuri, na kwa mantiki ya hesabu tuliyofanya inaingia akilini.

Lakini mwaka 2016 Takeshi Nishimura na wenzake wa Kyoto waliutazama mtiririko wa hewa kwa kompyuta ndani ya pua za binadamu, sokwe na nyani wa Asia. Pua yetu ilikuwa duni katika kuiandaa hewa kuliko za jamaa zetu hao. Kwa maoni yao, uso wa binadamu ulifupika kwa sababu nyingine, pango la pua likapungua, na kile kinachochomoza ni mabaki ya ufupisho huo. Koo lenye uwazi mkubwa humalizia kazi ambayo pua haikuikamilisha. Binafsi naona hoja hii haijaiua ile ya kwanza, ila imetulazimisha kukubali kwamba kiungo kinaweza kuonekana kimetengenezwa kwa kazi fulani kumbe kimeikuta kazi njiani.

Binadamu wa Neanderthal nao ni mtihani. Waliishi Ulaya na Asia Magharibi, wakapitia vipindi vya baridi kali, na walitoweka miaka 40,000 hivi iliyopita. Kwa kanuni ya Thomson walipaswa kuwa na pua nyembamba. Walikuwa na pua kubwa na pana. Mwaka 2018 Stephen Wroe na wenzake walitengeneza mfano wa kompyuta wa njia zao za hewa, wakakuta kwamba ziliweza kupitisha hewa nyingi sana kuliko zetu, na bado ziliipasha joto vizuri. Mwili wao ulikuwa mzito wenye misuli, uliokula na kuunguza chakula kingi, na mahitaji ya oksijeni yalikuwa na sauti yake kwenye umbo la pua. Sehemu ya pua hiyo tunatembea nayo: utafiti wa 2023 wa Kaustubh Adhikari na wenzake, uliochunguza watu zaidi ya 6,000 wa Amerika ya Kusini na Meksiko, ulikuta kipande cha vinasaba chenye jeni ya ATF3, kilichorithiwa kutoka kwa Neanderthal, ambacho huirefusha pua kutoka juu kwenda chini.

Macho, mashavu na maelezo yasiyosimama

Miaka ya 1950 wanaanthropolojia watatu Wamarekani, Carleton Coon, Stanley Garn na Joseph Birdsell, walitoa maelezo yaliyoenea sana: uso wa watu wa Asia Mashariki ni uso uliotengenezwa na baridi. Mashavu yamejaa ili kulinda mifupa, pua imelala ili isigandishwe, mkunjo wa kope upo ili kukinga jicho na upepo na mng'aro wa theluji. Yanavutia kusikika. Mwenzao A. T. Steegmann alifanya lile lililopaswa kufanywa tangu mwanzo: aliwaweka watu wa asili tofauti kwenye baridi na kupima joto la ngozi ya nyuso zao. Faida iliyotabiriwa haikuonekana. Mashavu mapana hayakumfanya mtu abaki na joto zaidi.

Mkunjo wa kope una tatizo lingine. Upo kwa wengi wa Asia Mashariki, ndiyo, lakini upo pia kwa Wasani wa Kalahari, ambako theluji si tishio, na huonekana kwa watoto wachanga wengi wa kila bara, kisha ukapotea mgongo wa pua unapokua. Mwenye nadharia ya theluji atasema basi Kalahari ni mng'aro wa mchanga. Maelezo yanayoweza kubadilishwa ili yalingane na kila mahali hayajaeleza mahali popote.

Kuna pia tabia za uso zinazopanda gari la tabia nyingine. Badiliko moja la jeni ya EDAR, lililotokea Asia Mashariki miaka 30,000 hivi iliyopita, huleta nywele nene, meno ya mbele yenye umbo la sepetu kwa nyuma na tezi nyingi za jasho, yote kwa pamoja. Uteuzi asilia ukilipendelea badiliko hilo kwa kazi mojawapo, zilizobaki huja bila kualikwa. Anayeuliza meno yale yalisaidia nini kwenye baridi huenda anauliza kuhusu abiria badala ya dereva.

Rangi ya ngozi nitaigusa kidogo tu, kwa kuwa hapo tabianchi, kwa maana ya nguvu ya jua, imefanya kazi waziwazi. Ila ndiyo inayotupotosha kuhusu mengine. John Relethford alionyesha mwaka 2002 kwamba asilimia 88 ya tofauti za rangi ya ngozi ziko kati ya maeneo ya dunia, ilhali kwa vinasaba vya kawaida na vipimo vya mafuvu mambo ni kinyume: sehemu kubwa ya tofauti, zaidi ya asilimia 80, iko ndani ya watu wa eneo moja. Rangi ndiyo ya kipekee, na macho yetu huichukua kama kipimo cha kila kitu.

Kipimo kilipogeuzwa cheo

Kile kipimo cha upana kwa urefu kilikuwa na matumizi mengine kabla ya Thomson. Herbert Risley, aliyesimamia sensa ya India ya 1901, alidai kwamba ukipanga matabaka ya Wahindi kwa heshima ya kijamii, pua hupanda kwa wembamba kadiri tabaka linavyopanda. Pua ikawa cheti cha cheo.

Kwetu njia ilikuwa nyingine, mwisho wake mbaya zaidi. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863 kuhusu chanzo cha Nile, aliziona falme za Maziwa Makuu na kuhitimisha kwamba watawala wake lazima walikuwa wageni kutoka upande wa Ethiopia. Hakukubali kwamba Waafrika wa hapo wangeweza kujenga dola, na sura zao, zikiwamo pua, zikawa ushahidi wake. Wabelgiji waliikuta nadharia hiyo tayari. Baada ya sensa ya 1933 na 1934 Mnyarwanda alipewa kitambulisho chenye kabila, na watu waliosema lugha moja na kuishi kwenye vilima vilevile wakaandikwa kama jamii tofauti za damu. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, asiyekuwa na kitambulisho aliweza kuhukumiwa kwa urefu wake na pua yake. Waliouawa ndani ya siku 100 hivi ni zaidi ya watu 800,000.

Ndiyo maana nilisema hoja ya Hiernaux ina uzito. Alisema kwamba pua nyembamba barani Afrika hazihitaji mgeni wa kuzileta. Mahali pakavu, kwa miaka elfu nyingi, panatosha kuzifanya, na watu wenye pua hizo ni Waafrika wa hapahapa kama jirani zao. Vinasaba vya leo vimeongeza kwamba watu wa Pembe ya Afrika wamechanganyika pia na watu wa ng'ambo ya Bahari ya Shamu kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo kwao sababu zote mbili zipo. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayosema lolote kuhusu nani anastahili kutawala. Na pua yenyewe haina jeni moja ya kabila: jeni nyingi hushiriki, mojawapo, GLI3, ikigusa upana wa mianzi, nyingine, DCHS2, ikigusa ncha. Watoto wa tumbo moja huzigawana kila mmoja kivyake, na ndani ya familia moja utakuta pua tatu.

Kwa mtoto aliyezaliwa Toronto

Swali moja huulizwa sana na walio ughaibuni: je, watoto wetu wanaokulia kwenye baridi pua zao zitabadilika? Hapana. Baridi haiichongi pua ya mtu aliye hai, wala mtu harithishi alichozoea. Uteuzi asilia hufanya kazi kwa njia moja tu: wenye umbo fulani wanaugua zaidi kidogo kuliko wengine, wanafariki mapema zaidi, wanaacha watoto wachache zaidi, na hilo likijirudia kwa mamia ya vizazi wastani wa watu husogea kwa milimita. Nyumba yenye kipasha joto, dawa za kifua na hospitali vimeuondoa karibu msukumo wote huo. Mtoto wa Mombasa aliyezaliwa Toronto atakuwa na pua ya wazazi wake, nayo itaipasha joto hewa ya Kanada, kwa kuwa ngozi ya ndani huongeza damu na ute kulingana na mahitaji. Siku za baridi kali zaidi atafunga skafu juu ya pua na mdomo. Kitambaa kitashika joto na unyevu wa pumzi inayotoka, na pumzi inayofuata itavipokea hapo hapo kabla haijafika puani.